Kisima cha Arobaini Kisipangwe kama cha Kwanza

Kampuni ya kuchimba visima huuza kitu kilekile mwaka mzima. Mteja wa Chamwino, mkoani Dodoma, anataka maji, wa Kongwa anataka maji, na bodi ya shule kule Mpwapwa nayo inataka maji. Wote watapimiwa ardhi, wataombewa kibali, watachimbiwa, watasafishiwa kisima na kufungiwa pampu. Hata hivyo, mkataba mpya ukisainiwa, kuna mtu ofisini hufungua ukurasa mtupu na kuanza kuwaza kana kwamba hajawahi kuona kisima. Anaandika tarehe anazozikumbuka, anasahau sampuli ya maji ya kupeleka maabara, na anamwahidi mteja mtambo wa kuchimbia ambao wiki hiyohiyo umeshaahidiwa kwa mwingine.

Mwongozo huu ni wako kama biashara yako ina sura hiyo: wateja mbalimbali, kazi ileile. Nimechukua visima kwa sababu vina karibu kila shida inayoweza kumpata mpangaji: kibali cha serikali, mtambo mmoja wa gharama kubwa unaogombewa, mvua, maabara, na uwezekano wa kushuka mita 120 ukakuta vumbi tupu. Kama wewe unafunga umeme wa jua, unatengeneza makabati ya jikoni au unajenga mifumo ya umwagiliaji, badilisha majina ya hatua, njia haibadiliki.

Programu nyingi za kupangia miradi zinazouzwa leo zina asili katika mbinu mbili za Marekani. Moja ilibuniwa mwaka 1957 na kampuni ya kemikali ya DuPont pamoja na Remington Rand, kwa ajili ya kupanga ujenzi wa viwanda na kuvisimamisha kwa matengenezo. Nyingine, ya mwaka 1958, ilikuwa ya jeshi la majini, kwa ajili ya makombora ya Polaris. Watu wa Polaris walikuwa wakifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa, hivyo kila kazi waliikadiria muda mara tatu: mambo yakienda vizuri, yakienda kawaida, na yakienda vibaya. Watu wa DuPont walikuwa na uzoefu wa kazi zao, hivyo waliandika muda mmoja kwa kila kazi wakaendelea. Wewe uko upande wa DuPont. Umeshachimba visima vingi, na muda halisi wa kila hatua unao, ila umetapakaa kwenye simu, kwenye stakabadhi za dizeli na kichwani mwa mwendesha mtambo. Kazi ya kwanza ni kuukusanya.

Kaa na mwendesha mtambo

Usifungue kompyuta bado. Chukua kazi tatu za mwisho mlizomaliza, moja iliyokwenda vizuri, moja ya kawaida na moja iliyowatoa jasho, kisha uzifufue siku kwa siku. Ujumbe wa WhatsApp unaonyesha siku mtambo ulipofika. Stakabadhi ya mafuta inaonyesha siku ulipoondoka. Barua ya kibali ina tarehe ya maombi na tarehe ya kutoka. Cheti cha maabara nacho kina tarehe. Meneja atakwambia kisima huchukua wiki mbili. Karatasi zitakwambia kilichukua wiki sita. Amini karatasi.

Ukiwa na mwendesha mtambo, muulize swali moja kwa kila hatua: "Ni kitu gani kikikosekana, huwezi kuanza?" Majibu yake ndiyo uti wa mgongo wa mpango wako. Atakwambia hawezi kuanza bila mabomba ya kesingi, yale yanayoshikilia kuta za shimo, kuwapo eneo la kazi, kwa sababu shimo likiachwa wazi usiku kucha kwenye udongo laini linaweza kubomoka. Atakwambia aliwahi kufika akakuta lori haliwezi kupita chini ya nyaya za umeme. Mambo haya huyapati kwenye kitabu chochote cha usimamizi.

Kuhusu hatua ngapi uandike, nina kanuni ninayoiamini. Jambo linastahili mstari wake kwenye mpango kama linabadilisha mikono kutoka mtu mmoja kwenda mwingine, kama lina kusubiri ndani yake, au kama likichelewa linagharimu fedha. Mengine yote ni maelezo ndani ya mstari. Kuunganisha vipande vya bomba si mstari. Kuagiza mabomba ni mstari. Mpango wa kisima wenye mistari 90 hautafunguliwa na mtu baada ya wiki ya pili. Wenye mistari isiyozidi 20 utadumu.

Hiki hapa kiolezo cha kisima cha kawaida cha nyumbani au cha shule. Siku nilizoandika ni za mfano, na "hatua kuu" ni tukio tu, halina muda wake. Weka za kwako kutoka kwenye karatasi zako.

1. Malipo ya awali yamepokelewa (hatua kuu, siku 0)
2. Upimaji wa maji chini ya ardhi: siku 1, baada ya 1
3. Ripoti ya upimaji: siku 3, baada ya 2
4. Kuwasilisha maombi ya kibali: siku 1, baada ya 3
5. Kusubiri kibali: siku 21 za kalenda, baada ya 4
6. Kununua mabomba ya kesingi na changarawe: siku 5, baada ya 3
7. Kukagua njia na eneo la mtambo: siku 1, baada ya 3
8. Makubaliano ya kisima kikavu yamesainiwa (hatua kuu), baada ya 3
9. Malipo ya pili yamepokelewa (hatua kuu), baada ya 5
10. Mtambo kufika na kusimikwa: siku 1, baada ya 6, 7, 8 na 9
11. Kuchimba: siku 2, baada ya 10
12. Uamuzi: maji yapo ya kutosha? (hatua kuu), baada ya 11
13. Kesingi, changarawe na kusafisha kisima: siku 1, baada ya 12
14. Jaribio la pampu: saa 24 mfululizo, baada ya 13
15. Sampuli maabara: siku 7 za kalenda, baada ya 14
16. Kuchagua na kununua pampu: siku 3, baada ya 14
17. Kujenga stendi ya tenki: siku 5, baada ya 12
18. Kufunga pampu, umeme na tenki: siku 2, baada ya 15, 16 na 17
19. Kukabidhi na malipo ya mwisho (hatua kuu), baada ya 18

Tazama mstari wa 16. Wateja wengi wenye haraka hununua pampu mapema, tena kwa kuletewa na ndugu aliyeko mjini. Mwache aseme anavyotaka, lakini kwenye kiolezo pampu isiguswe kabla ya jaribio, kwa sababu jaribio ndilo linalosema kisima kinatoa lita ngapi kwa saa na maji hushuka hadi kina gani yakivutwa. Pampu iliyonunuliwa kwa kubahatisha ama hukauka ikaungua, ama hufanya kazi chini ya uwezo wake huku mteja akilaumu kisima. Stendi ya tenki kwa upande wake haina haja ya kungoja maabara. Inaweza kujengwa sambamba. Ila isianze kabla ya mstari wa 12, maana stendi nzuri pembeni ya kisima kikavu ni fedheha ya kudumu.

Malipo nayo nimeyaweka kama hatua, si kama maelezo ya mhasibu. Mtambo usipofungwa kwenye mstari wa 9, kuna siku utaondoka kwa ahadi ya mdomo.

Andika muda, usiandike tarehe

Sasa fungua programu. Kosa linaloharibu violezo vingi kuliko jingine lolote ni kuandika tarehe. Ukiwa kwenye Microsoft Project, ukaandika kwa mkono kwamba kuchimba kunaanza tarehe 10, programu haichukui hilo kama maoni. Inaweka sharti kwamba kazi hiyo isianze kabla ya tarehe 10. Kibali kikitoka mapema, mpango hausogei mbele. Umekwama kwenye tarehe ambayo hata wewe umeshaisahau. Ukiugeuza mpango huo kuwa kiolezo, sharti linahamia kwa kila mteja anayefuata. Programu nyingine zina tabia zinazofanana na hiyo. Kwa hiyo kwenye kiolezo andika vitu viwili tu kwa kila mstari: unachukua muda gani, na unafuata nini. Tarehe moja tu ndiyo inayoingizwa kwa mkono, nayo ni siku malipo ya awali yalipoingia. Nyingine zote zijihesabu zenyewe.

Ukitaka kujua kama kiolezo chako ni kizima, kinakili, badilisha tarehe ya kuanza kutoka Januari hadi Juni, kisha ukitazame. Mstari wowote uliobaki Januari una tarehe iliyojificha. Ufungue uiondoe.

Mtego wa pili uko kwenye kalenda. Programu nyingi huja na kalenda ya kiofisi: Jumatatu hadi Ijumaa, saa 8 kwa siku. Wachimbaji wako hufanya kazi Jumamosi, na wakati mwingine Jumapili kama mtambo uko mbali na nyumbani. Kalenda hiyo ibadilishe kwanza. Kisha ujue kwamba kuna muda wa aina mbili. Kuandika ripoti hula siku za kazi. Mwandishi akilala, ripoti imelala. Kusubiri kibali na kusubiri maabara hula siku za kalenda, hata za Jumapili. Jaribio la pampu ndilo huchanganya zaidi: ukiandika saa 24 kwenye Microsoft Project yenye kalenda ya saa 8, utapata jaribio la siku tatu. Kuna namna ya kuiambia kwamba saa hizo ni mfululizo, usiku na mchana: andika 24eh badala ya 24h, na kwa siku za kalenda andika 21ed badala ya 21d. Herufi moja tu, na mpango wako unapungua siku mbili za uongo.

Ukishamaliza, hesabu njia ndefu kuliko zote kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa siku za mfano wangu, mteja huanza kutumia maji baada ya siku kama 42. Mtambo uko kwake siku 4 tu. Yaliyobaki ni upimaji, karatasi, kusubiri na kufunga vifaa. Hapo utaona jambo ambalo wenye kampuni wengi hawalioni kwa miaka: kwa mteja, anayeamua siku ya maji ni kibali, kwa kampuni, anayeamua mapato ya mwezi ni mtambo. Hivi ni vitu viwili tofauti na vinapangwa kwa namna mbili tofauti. Ukinunua kompresa yenye nguvu zaidi ili uchimbe kwa siku moja badala ya mbili, mteja ataipata siku moja katika 42 na hataiona. Ukipeleka mpimaji kesho yake baada ya malipo badala ya wiki inayofuata, na maombi yakaingia yakiwa yamekamilika, mteja ataona tofauti.

Kuhusu kibali chenyewe: Tanzania Bara ina mabonde tisa ya maji, na kila bonde lina bodi yake inayosimamia vibali chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Nchini Kenya kazi hiyo iko kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016. Kama unafanya kazi katika eneo la bodi zaidi ya moja, usiweke muda mmoja wa kusubiri kwa zote. Chukua kumbukumbu za kila bodi peke yake, kwa kuwa tofauti ya wiki mbili kwenye mstari wa 5 inaharibu kila kitu kilicho chini yake.

Mtambo mmoja, wateja kumi

Hapa ndipo programu inapolipa gharama yake. Mpango wa mteja mmoja hata daftari linaweza kuubeba. Mipango ya wateja kumi wanaougombea mtambo mmoja hakuna daftari linaloweza kuibeba kwa wiki mbili bila kufutwafutwa.

Unachohitaji ni mwonekano mmoja unaoonyesha wateja wote, ukichujwa ubaki na mistari ya 10 hadi 13 peke yake. Kwenye Microsoft Project unaweza kuweka mtambo kama rasilimali katika faili moja la rasilimali ambalo mipango yote inalitumia; mtambo ukipangiwa mahali pawili siku moja, programu inaonyesha kwamba umezidiwa. Kwenye programu za mtandaoni kama Asana au ClickUp, tengeneza sehemu ya kujaza iitwayo Mtambo, kisha tazama kazi zote zenye jina hilo kwenye kalenda moja. Njia hazifanani, matokeo yawe yaleyale: safu moja ya mtambo, kutoka leo hadi wiki nane mbele, bila kazi mbili kupandana.

Mtu mmoja tu ndiye apange tarehe za mtambo. Si mkurugenzi akiwa kwenye simu na rafiki yake, si afisa masoko anayetaka kufunga biashara. Mtu mmoja. Wengine wanaomba.

Kisha amua foleni inakwenda kwa utaratibu gani, na uuandike kwenye mkataba. Maoni yangu ni kwamba mtambo uende kwa aliye tayari, si kwa aliyesaini kwanza. Aliye tayari ni yule ambaye kibali chake kimetoka, malipo ya pili yameingia, mabomba yapo na njia imekaguliwa. Mteja aliyesaini Machi lakini hajalipa asimzuie aliyesaini Aprili na kukamilisha kila kitu. Ukiuweka wazi utaratibu huu tangu mwanzo, hakuna atakayesema umempendelea jirani. Ukiuficha, utaitwa mla rushwa hata kama hujala chochote.

Ruhusa moja ya kuvunja foleni ni jirani wa mteja. Kama una kazi mbili Kongwa na moja Bahi, ni ujinga kwenda Kongwa, kurudi Bahi, kisha Kongwa tena. Dizeli ya kuhamisha mtambo ni fedha nyingi. Lakini wekea ruhusa hiyo mpaka: mteja asisogezwe nyuma zaidi ya siku saba kwa sababu ya safari za wengine.

Na mvua. Dodoma ina msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Pwani na Kaskazini mna vuli na masika. Ongeza kwenye kila mradi sehemu ya kujaza iitwayo Barabara, yenye majibu matatu: lami, changarawe, udongo. Ifikapo Oktoba, chuja wateja wote wa udongo ambao hawajachimbiwa, uwasukume mbele kabla lori halijazama kwenye mbuga. Wa lami watangoja. Hii ni kazi ya dakika tano kwenye programu, na inaokoa mtambo kukwama shambani kwa wiki nzima huku wateja wengine wakipiga simu.

Pale kazi inapokataa kufuata kiolezo

Kiolezo ni kama pateni ya fundi cherehani: mwili ni uleule, ila mteja mmoja ana mabega mapana. Shida ni kujaribu kuingiza kila bega ndani ya pateni moja. Nimeona mipango yenye mistari ya "kama maji yana chumvi", "kama shimo limebomoka", "kama mteja anataka sola", yote kwenye kiolezo kimoja, kila mradi ukianza na mistari 30 ambayo nusu yake itafutwa. Na mtu akishazoea kufuta mistari, siku moja atafuta wa kibali.

Afadhali kiolezo kikuu kibaki chembamba, na matukio ya pembeni yawe na violezo vidogo vya kupachika. Vitatu vinatosha kwa kuanzia. Kimoja cha sola: paneli, fremu, kidhibiti, fundi umeme. Kimoja cha maji yasiyofaa: kurudia sampuli, kikao na mteja, mapendekezo ya kuchuja au kutumia maji kwa kazi nyingine. Usikidharau hiki. Maeneo ya Arusha, Kilimanjaro na Singida yana maji ya ardhini yenye floraidi nyingi, na kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ukanda wa pwani nao una visima vinavyotoa maji ya chumvi. Mteja aliyekwishafungiwa pampu kabla ya majibu ya maabara atakuwa na hasira mara mbili.

Cha tatu ni kisima kikavu, nacho kina somo la kupanga ndani yake. Mkichimba mkakosa maji, uamuzi wa kuhamia sehemu ya pili unapaswa kutolewa mtambo ukiwa bado pale, kwa sababu kuurudisha baada ya mwezi ni gharama mpya kabisa. Lakini mteja aliyetoka kuambiwa shimo lake ni kavu hawezi kuamua kwa utulivu jioni ileile. Atataka kuzungumza na familia, na kama ni shule, bodi lazima ikae. Ndiyo maana mstari wa 8 upo kabla ya mtambo kufika. Ripoti ya upimaji itaje sehemu ya kwanza na ya pili ya kuchimba. Mteja asaini mapema: kikikauka cha kwanza, twende cha pili au tusimame, na kila moja itamgharimu kiasi gani. Kiolezo kidogo cha kisima kikavu basi kina mistari mitatu tu, na kinapachikwa kwa dakika moja.

Nani anajaza, nani anasoma

Usimlazimishe mwendesha mtambo kufungua programu akiwa na matope mikononi, mahali ambapo mtandao unapatikana juu ya kichuguu. Yeye atume ujumbe wa sauti WhatsApp kila jioni wenye mambo matatu: tumefika wapi, kesho tunafanya nini, tunakosa nini. Mtu wa ofisini ausikilize na kujaza kabla hajaondoka. Mpango wenye taarifa za juzi ni mbaya kuliko kutokuwa na mpango, kwa kuwa watu wanauamini.

Mteja asipewe mpango wote. Hana haja ya kuona mistari 19, na akiiona atakupigia kuhusu kila mmoja. Mpe hatua nne: kibali, mtambo, maji, makabidhiano. Kwa mtambo, mpe kipindi badala ya siku moja. Ujumbe uwe wa namna hii: "Shikamoo mzee. Kibali cha kisima chako kimetoka leo. Mtambo utafika kati ya tarehe 14 na 18. Nitakupigia siku mbili kabla, ili vijana wafungue njia ya lori." Siku tano za kipindi hicho ndizo akiba yako, na ziko mahali pamoja. Usizigawe siku moja huku, siku mbili kule, ndani ya kila mstari. Zikifichwa hivyo, kila mtu huzitumia na hakuna anayezikumbuka.

Kila kisima kikimalizika, linganisha siku zilizopangwa na zilizotumika. Programu nyingi zenye chati ya Gantt huweza kuhifadhi mpango wa awali ili uone mistari miwili sambamba, uliokusudiwa na uliotokea. Angalia mistari iliyopitiliza tu, andika sababu kwa sentensi moja, basi. Usibadilishe kiolezo kwa sababu ya kisima kimoja kibaya. Mstari uleule ukichelewa kwenye kazi tatu kati ya tano, hapo kiolezo kinasema uongo, kirekebishe. Arekebishe mtu mmoja, aandike tarehe kwenye jina la kiolezo, na cha zamani akihamishie pembeni asije mtu akakinakili.

Programu ipi?

Swali hili watu huanza nalo, mimi nimelichelewesha makusudi. Kama una kazi mbili au tatu kwa wakati mmoja, Excel inatosha: safu ya tarehe ya kuanza, safu ya muda, na fomula inayochukua mwisho wa mstari uliotangulia. Zikizidi hapo, tafuta programu inayofanya mambo manne: inanakili mradi mzima pamoja na utegemezi wake, yaani mstari upi unafuata upi, inahesabu tarehe zote kutoka tarehe moja, inaonyesha miradi yote kwenye kalenda moja, na inafunguka kwenye simu ya bei nafuu.

Trello ni rahisi na watu huipenda siku ya kwanza. Unanakili ubao, unasogeza kadi. Lakini yenyewe kama ilivyo haihesabu kwamba kibali kikichelewa wiki, kuchimba nako kusogee wiki. Kwa kazi ya visima hilo ni pengo kubwa. GanttProject na ProjectLibre ni za bure, hukaa kwenye kompyuta bila kudai intaneti, na utegemezi zinaujua vizuri. ProjectLibre hufungua hata faili za Microsoft Project. Udhaifu wake ni kwamba faili linakaa kwa mtu mmoja. Kwa kampuni ndogo ambayo mpangaji ni mmoja, huo si udhaifu mkubwa. Asana ina violezo vinavyohesabu tarehe kwa kurejelea siku ya kuanza, na ni nzuri kama watu wenu wanatumia simu zaidi ya kompyuta. Kama mnatumia Odoo kwa mauzo na ankara, inaweza kuufungua mradi kutoka kwenye kiolezo mara oda ya mteja inapothibitishwa, na hapo mhasibu na mpangaji wanaacha kubishana kama malipo yameingia. Microsoft Project ina nguvu kuliko zote nilizotaja kwa upande wa rasilimali, na ndiyo inayodai mafunzo zaidi.

Usilipie leseni ya mwaka kabla ya kujaribu. Chukua toleo la majaribio au programu ya bure, ingiza kiolezo cha mistari 19, kisha uingize wateja wote mlionao sasa, si mmoja wa mfano. Endesheni kazi hivyo kwa mwezi mmoja, ujumbe wa jioni ukijazwa kila siku. Mwezi ukiisha, tafuta siku ambazo mtambo ulikaa bila kazi na uangalie kama mpango uliziona wiki moja kabla. Kama uliziona, lipia. Kama haukuziona, rudi kwa mwendesha mtambo na karatasi zako, kwa sababu kilichokosewa kiko kwenye kiolezo, na hakuna programu ya bei yoyote itakayokiona.